Tende na Tumbo Jepesi



Wako kina mama ambao tumbo huwajaa na kuwakata kila wanapokula tende, nao huona haya kusema. Sahani ya futari ikipitishwa huchukua kama wenzao, kisha huisali Tarawehe kwa taabu. Hudhani kuiacha tende ni kuidharau sunna. Sivyo.

Tulitazame tunda lenyewe. Katika zabibu mbichi, takriban sehemu 80 kati ya 100 za uzito wake ni maji. Zikikauka hubaki kama 15. Maji huondoka, sukari husalia. Kilo 1 ya zabibu kavu hutokana na kilo 4 hivi za mbichi, kwa hiyo konzi moja si jambo dogo tumboni.

Baadhi ya sukari za matunda, utumbo mwembamba hushindwa kuzifyonza zote. Huvuta maji, kisha hufika utumbo mpana, ambako vijidudu huzichachua na kutoa hewa. Mwenye utumbo mwepesi huumia, hali jirani yake aliyekula zaidi hahisi lolote. Tusimwambie kuwa anajidekeza.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, hufundisha njia ya hatua tatu: kupunguza vyakula vya namna hii kwa wiki 2 hadi 6, kuvirudisha kimoja kimoja kwa kipimo, kisha kudumu na kile mwili unachokikubali. Ni vyema iongozwe na mjuzi wa lishe. Wakati wa kurudisha, mtu aanze na kijiko 1 cha zabibu au tende 1, siku asiyokula tunda kavu jingine. Kuloweka hulainisha tu; sukari inayotoka imo katika maji yale yale anayoyanywa.

Ama kuhusu sunna, Anas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akifuturu kwa tende mbivu zisizokauka; zikikosekana, kwa tende kavu; na zikikosekana hizo, kwa maji. Basi anayedhuriwa na tende asione unyonge kufungua kwa maji, na mwenye nyumba asimshurutishe mgeni wake.

Lakini ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, au maumivu yakikuamsha usiku, usiishie kupunguza tende. Nenda kwa daktari. Mwili ni amana.

Wallahu aalam.