Anajua kesho, lakini anataka mia mbili zako

Aprili 2013, jamaa wa Iran kwa jina Ali Razeghi, miaka 27, alidai ameunda mashine ya wakati. Haikupeleki kesho, eti. Unaigusa tu, inakutabiria miaka mitano hadi minane ijayo kwa uhakika wa asilimia 98. Mbona hakuionyesha? Wachina wangeiba, alisema!

Cheka, lakini hiyo 98 si ndiyo unauziwa kila wikendi Telegram, mikeka ya uhakika? Sibishi na mtu kisa digrii, hata mimi chuo niliacha. Cheti si hoja. Nauliza tu: msee anayeijua kesho anatafuta nini kwa mia mbili zako za M-Pesa? Mwambie aweke doh yake kwanza, aposti mkeka kabla mechi ianze.