Rejeta Inayopiga Kelele Haidai Boila Mpya

Leo naweka programu kando, ingawa si mbali sana. Kuna jambo linanikera na nitalisema, maana hapa hakuna mwenyekiti wa kunikatiza.

Ndugu zetu walioko Uingereza wanajua kisa hiki. Baridi inaingia, mtambo wa joto unawashwa baada ya kulala miezi mitano, na rejeta za nyumba zinaanza: moja inabubujika kama tumbo lenye njaa, nyingine inagonga usiku wa manane. Fundi anaitwa. Anasikiliza dakika mbili, anatikisa kichwa, anasema boila imezeeka. Bei? Zaidi ya pauni 2,000, na hiyo ni ya kuanzia.

Jamani! Huyo ni sawa na jamaa anayekufutia Windows yote kwa sababu printa imegoma. Sisi wa programu tunajua kwamba mashine ikilalamika, unasoma inalalamika nini kwanza. Kelele ya rejeta ni ujumbe wa hitilafu, na tena ni ujumbe ulio wazi kuliko mingi niliyowahi kusoma kazini.

Kwa msomaji wa Nakuru ambaye joto la nyumba kwake ni jiko la makaa na blanketi: boila inachemsha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba hadi rejeta ya kila chumba, kisha yanarudi kupashwa tena. Ni maji yaleyale, yakizunguka mwaka baada ya mwaka. Shikilia hilo la maji yaleyale, tutalihitaji.

Kububujika ni hewa iliyonaswa. Dalili yake ni rejeta yenye joto chini na baridi juu. Unazima mfumo, unaacha upoe, unaweka kitambaa, unafungua skrubu ndogo ya pembeni juu kwa ufunguo wake (ni wa bei ya chai na mandazi), hewa inatoka kwa mluzi, maji yakianza kuchuruzika unafunga. Kisha unatazama kipimo cha shinikizo: mifumo mingi iliyofungwa inataka kati ya bar 1 na 1.5 ikiwa baridi. Ikipungua, unaongeza maji. Basi. Hapo umeokoa pesa za fundi.

Lakini sikiliza, maana hapa ndipo hata wajuaji wanapoteleza. Ukilazimika kutoa hewa kila wiki, acha kujipongeza. Kuna mawili. Huenda mfumo unavuja mahali, au rejeta zinaliwa na kutu kwa ndani. Chuma kikiliwa hivyo ndani ya maji hutoa tope jeusi pamoja na gesi ya haidrojeni, kwa hiyo "hewa" unayoitoa huenda si hewa kamwe. (Weka sigara mbali, tafadhali.) Na kila ukiongeza maji mapya unaleta oksijeni mpya ya kulisha kutu ileile. Unatibu homa huku unafuga mbu. Dawa ni kutafuta mvujo, kusafisha tope na kutia kemikali ya kuzuia kutu. Ukifunga boila mpya juu ya tope la zamani, tope litaihamia boila mpya. Hilo fundi wa dakika mbili hakukuambia.

Kugongagonga wakati wa kuwaka na kupoa? Hesabu ya fizikia ya sekondari: bomba la shaba la mita 10 likipanda joto kwa nyuzi 50 linarefuka zaidi ya milimita 8. Likiwa limebanwa na mbao za sakafu, litalia tu. Linahitaji nafasi na kipande cha kitambaa kizito. Boila haihusiki hata kidogo.

Mluzi mara nyingi ni pampu iliyopandishwa kasi kupita kiasi, eti kwa sababu chumba cha mwisho hakipati joto. Punguza kasi, kisha bana kidogo vali za rejeta zilizo karibu na boila ili maji yafike mbali. Anayegawa mzigo kati ya seva ananielewa.

Halafu kuna wauza vichwa vya vali vya kisasa, vyenye waya-hewa na programu ya simu. Mimi ndiye ningepaswa kuvishangilia, sivyo? Vali nyingi za zamani zina mshale unaoonyesha maji yapite upande gani. Ikifungwa kinyume, hupiga kama nyundo inapokaribia kujifunga. Ukiifungua yote, kimya. Programu ya simu yako haijui mshale huo uko wapi. Utabadilisha kichwa, na shingo itabaki na ugonjwa wake.

Je, boila haiwi na kosa kamwe? Huwa nalo. Ikinguruma kama birika huenda ina ukoko wa chokaa, hasa London na kusini-mashariki ambako maji ni magumu. Hata hapo husafishwa kwanza. Na jiulize: kama ni maji yaleyale, chokaa yote hiyo imetoka wapi? Rudi kwenye mvujo.

Mpaka ni huu: upande wa maji unaweza kugusa, upande wa gesi usiguse. Kule kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, na una haki ya kumwomba kitambulisho. Na kama umepanga England kwa mkataba usiofika miaka 7, usitoe hata senti: kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 kinamtwisha mwenye nyumba ukarabati wa mfumo wa joto. Mwandikie, taja ni rejeta ipi, sauti gani na saa ngapi, na ubaki na nakala.