Roboti, Mchezo na Utu wa Mtoto Mwenye Ulemavu

Kila Dominika baada ya Misa Takatifu, viwanja vya makanisa yetu hujaa watoto wanaokimbizana, wanaoruka kamba na kupiga mpira wa makaratasi. Pembeni, chini ya mti au kwenye ngazi za kanisa, mara nyingi yupo mtoto anayewatazama tu wenzake, kwa sababu mikono na miguu yake haimtii, au kwa sababu kelele za mchezo zinamtisha. Wazazi wake humpeleka kliniki, humfanyisha mazoezi na kumwombea. Ni mara chache jumuiya inajiuliza: je, mtoto huyu hucheza?

Swali hili si dogo. Mwaka 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilikadiria kwamba watoto wenye ulemavu duniani ni karibu milioni 240, yaani mtoto mmoja kati ya kumi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua mchezo kuwa haki ya kila mtoto. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasisitiza katika ibara ya 30 kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao.

Katika kuitafuta njia ya kutekeleza haki hiyo, watafiti wa Ulaya wamebuni roboti za kuchezea. Kati ya mwaka 2006 na 2009, mradi ulioitwa IROMEC ulitengeneza roboti iliyoweza kutembea sakafuni au kusimamishwa wima, kadiri ya uwezo wa mtoto. Walengwa walikuwa watoto wenye usonji, wenye ulemavu wa akili, na wenye ulemavu mkubwa wa viungo. Wabunifu walishauriana na walimu, wataalamu wa tiba na wazazi kabla ya kuamua roboti ifanye nini. Mojawapo ya michezo hiyo ilikuwa ya kupokezana: mtoto mmoja anaituma roboti kwa mwenzake, naye anairudisha. Jambo linaloonekana dogo kwa mtoto mwingine huwa hatua kubwa kwa yule ambaye hajawahi kungoja zamu yake pamoja na mtu.

Katika Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, ilibuniwa Kaspar, roboti yenye kimo cha mtoto mdogo. Uso wake ulifanywa makusudi kuwa na mambo machache, kwa kuwa uso wa binadamu unaobadilika kila mara huwachosha baadhi ya watoto wenye usonji. Mtoto akiigusa kwa upole, huonyesha furaha. Akiipiga, hulalamika kwamba imeumia. Hapo mwalimu aliye karibu hupata nafasi ya kumweleza mtoto jinsi ya kumgusa mwingine bila kumwumiza. Roboti, basi, ni daraja: lengo ni mtoto avuke na kumfikia binadamu mwenzake.

Hata hivyo, wataalamu wenyewe wametoa angalizo. Mtandao wa watafiti uitwao LUDI, ulioanza kazi Ulaya mwaka 2014 chini ya uongozi wa Profesa Serenella Besio wa Italia, ulitenganisha mchezo wa kweli na shughuli zinazofanana na mchezo. Mtoto mwenye ulemavu akipewa mpira, mara nyingi ni ili anyooshe mkono. Akipewa roboti, ni ili ajifunze kutazama machoni. Mazoezi hayo ni ya lazima na yanastahili shukrani. Lakini kama kila kitu anachokishika kimekuwa dawa, ni lini atafurahi tu kwa kuwa ni mtoto?

Hapa mafundisho ya Kanisa yana la kusema. Utu wa mtu hautegemei uwezo wake wa kutenda, bali watokana na kuumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Mtoto mwenye ulemavu si chombo kilichoharibika kinachongoja kutengenezwa. Nabii Zakaria, akiielezea Yerusalemu iliyokombolewa, anawaona wazee wameketi kwa amani na watoto wakicheza katika njia zake (rej. Zek 8:4-5). Furaha ya watoto ni ishara ya wokovu, na ishara hiyo ina kasoro iwapo baadhi yao wameachwa pembeni.

Kwa sababu hiyo hiyo, teknolojia ipimwe. Hati ya Vatikani kuhusu akili mnemba, Antiqua et nova, iliyotolewa Januari 28, 2025, inatukumbusha kwamba mashine haina huruma ya kweli, na kwamba kuipa sura ya mtu kunaweza kuathiri makuzi ya watoto. Kwa hiyo mzazi au mlezi ajiulize: Je, kifaa hiki kinamleta mtoto karibu na ndugu zake, au kinawapa watu wazima nafasi ya kumwacha peke yake? Kama kina kamera, picha za mtoto zinakwenda wapi? Na je, mtoto mwenyewe anakifurahia?

Wapo watakaosema kwamba roboti hizi ni za mataifa tajiri. Ni kweli, familia nyingi hapa kwetu haziwezi kuzinunua. Lakini wazo lililomo ndani yake halihitaji maabara. Gari la kuchezea la betri linaweza kuunganishwa kwa nyaya mbili na swichi kubwa, ambayo mtoto huibonyeza kwa kiwiko, kwa goti au hata kwa kichwa. Fundi redio wa mtaani anaimudu kazi hiyo. Kwa mara ya kwanza, mtoto asiyeweza kushika kitu anaona gari likienda kwa amri yake, na wenzake wanamkimbilia wakitaka kucheza naye.

Huu ni utume unaoweza kuanzia katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: kuzitembelea familia zenye watoto wenye ulemavu, kuwauliza wazazi mtoto anafurahia nini, na kumtafuta fundi mwenye moyo. Watoto wa Utoto Mtakatifu nao wafundishwe michezo ambayo kila mmoja anaiweza. Kristo Yesu alipowakemea wanafunzi waliowazuia watoto, hakuweka sharti la afya wala la nguvu (rej. Mk 10:13-16). Dominika ijayo, tumtazame aliyeketi chini ya mti, kisha twende tukamwalike acheze.