Kulipwa kwa kucheza gemu: kazi ipo, lakini siyo hiyo unayotumiwa kwenye simu

Ujumbe huja kwa WhatsApp au Telegram kutoka namba usiyoijua. Unaambiwa ujaribu michezo ya video ukiwa nyumbani, saa moja au mbili kwa siku, na malipo yaingie kwenye simu yako. Kwa kijana aliye kijijini anayesubiri msimu wa mavuno ndipo ashike pesa, maneno hayo ni matamu. Je, kazi hiyo ipo kweli?

Ipo. Kabla gemu haijauzwa, kampuni huhitaji watu wa kusaka kasoro zake. Lakini mjaribu hachezi apendavyo. Anaweza kupewa mlango mmoja tu ndani ya mchezo aupitie mara mia: akimbie, aruke, arudi kinyumenyume, mpaka aone unakwama wapi. Kisha huandika ripoti: alifanya nini hatua kwa hatua, kilitokea nini, na kwenye simu au kompyuta ya aina gani. Analipwa kwa ripoti hiyo, wala si kwa kushinda.

Hata Marekani kazi hii si ya kutajirisha. Desemba 2021, kampuni ya Raven Software ya jimbo la Wisconsin, inayoshiriki kutengeneza mchezo wa Call of Duty, iliwaarifu wajaribu 12 kwamba kazi yao inakwisha. Wenzao waligoma hadi Januari, wakaanzisha chama cha wafanyakazi, na Mei 2022 wakashinda kura kwa 19 dhidi ya 3. Aprili mwaka huo, kampuni mama ya Activision Blizzard ilitangaza kuwaajiri rasmi wajaribu wapatao 1,100 waliokuwa vibarua, na kupandisha kima cha chini hadi dola 20 kwa saa. Wale wa Raven hawakuingizwa kwenye nyongeza hiyo.

Tukipima hapo, jambo moja liko wazi. Ikiwa watu wenye ujuzi, walio ndani ya kampuni, wanavutana na mwajiri kuhusu mshahara, nani atakulipa vizuri wewe asiyekujua, kwa kubonyeza tu?

Majaribio ya kwenye simu nayo yapo. Tangu mwishoni mwa 2023, Google inawataka watengenezaji wapya wenye akaunti binafsi wajaribishe programu yao kwa kundi la watu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuiweka wazi Play Store. Mwanzoni walitakiwa watu 20, baadaye wakapunguzwa hadi 12. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayetengeneza gemu yake anawahitaji watu hao. Ila hakuna sharti la kuwalipa. Ni njia ya kujifunza kazi, si mshahara.

Matapeli wanajificha nyuma ya ukweli huu. Siku za mwanzo hukulipa kidogo, na pesa hiyo ni chambo. Kisha unaambiwa uweke fedha ili upande ngazi. Salio linakua kwenye skrini, lakini ukitaka kulitoa unadaiwa ada au kodi kwanza. Unaahidiwa pia kamisheni ukileta wengine. Nchini Marekani, tume ya serikali ya kulinda walaji ilisema mwishoni mwa 2024 kwamba watu wapatao 20,000 waliripoti utapeli wa kazi za namna hii katika miezi sita ya kwanza ya mwaka huo. Mwaka mzima wa 2023 walikuwa 5,000. Kwetu pia umefika: Februari 2025, polisi wa Dar es Salaam walitangaza kuwashikilia watu kwa tuhuma za kuendesha upatu haramu mtandaoni.

Kijijini hasara huwa mara mbili, kwa sababu anayekuingiza mara nyingi si mgeni. Ni shemeji, mwanakwaya mwenzako, au mwanachama wa kikoba chenu, ambaye naye anaamini. Pesa ya mbolea inaondoka, na undugu unaingia doa.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kujibu ujumbe huo jiulize swali moja: pesa inatoka kwa nani kwenda kwa nani? Mwajiri hulipa, haombi kianzio. Usimpe mtu namba yako ya siri wala picha ya kitambulisho chako. Kama umeshatuma, usitume tena kwa matumaini ya kuikomboa ya kwanza. Nchini Tanzania ripoti namba ya tapeli kupitia 15040. Kenya, wateja wa Safaricom hupeleka ujumbe wa kitapeli kwenda 333. Halafu mwambie na yule aliyekualika, kwa upole. Huenda naye bado hajajua kwamba ameibiwa.