Kamba wakifa kwa mteja, usikimbilie kumlaumu boda

Wapambanaji wenzangu, leo naongea na sisi tunaouza viumbe hai mtandaoni, hasa wale kamba wadogo wekundu wa kwenye tangi la kioo.

Wakati naanza hapa Mbagala nilituma kamba 20 kwa mteja wa Sinza. Wakafika wazima, picha akanitumia. Kesho yake asubuhi: "Dada, wamebaki watatu." Nikamsingizia boda kwamba aliwachelewesha juani. Hela sikurudisha. Yule mteja hajanitafuta tena mpaka leo.

Kosa lilikuwa langu. Mimi nafugia maji ya kisima, na visima vingi vya huku vina chumvi. Yeye anatumia ya DAWASA, yale ya Mto Ruvu yaliyotiwa klorini. Kamba mchanga ukimtoa maji haya ukamtumbukiza kwenye yale ghafla, hastahimili. Na kuelekeza mteja "eleza mfuko nusu saa" hakutoshi jamani, hapo unasawazisha joto tu, maji bado ni tofauti.

Siku hizi kila oda naiweka na kipande cha mpira mwembamba wa hewa chenye fundo. Mteja anawamimina kamba kwenye bakuli na maji yao, anavuta maji ya tangi lake kwa mpira, yadondoke tone moja au mawili kwa sekunde mpaka bakuli liwe na mara tatu ya maji ya mwanzo. Ni kama saa moja na nusu. Kisha anawachota kwa kikombe, wavu unaweza kuwaumiza. Maji ya bomba yakae wazi siku nzima kabla.

Kuna wanaosema kazi yetu inaishia tukishamkabidhi boda. Mimi nakataa. Halafu tuache kuuza vitoto vya milimita 2 eti mteja anataka bei rahisi. Wangu hawatoki kabla ya sentimita 1.

Kabla ya kupokea hela nauliza: unapuliza dawa ya mbu chumba hicho? Uliweka dawa ya samaki yenye shaba? Vyote viwili vinaua kamba. Wengine wanasema nahoji kama polisi, sawa tu.

Bei nimepandisha kidogo kufidia mpira. Mteja akinitumia video ya matone na bado wakafa ndani ya siku moja, natuma wengine bure.