Basi la shule ni sawa, lakini jikoni kuna nini?

Kama ulisoma shule ya kutwa hapa Nanyuki, kengele ya saa saba mchana bado unaikumbuka. Foleni, bakuli mkononi, githeri ya moto. Unamkumbuka pia yule aliyebaki darasani akijifanya anamalizia hesabu, kumbe kwao hawajalipa pesa za lanchi.

Huyo ndiye tunataka umfikirie leo. Serikali imepanga kulipia kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa Sh22,244 kwa mwaka, lakini chakula cha mchana ni mzigo wa mzazi. Kibarua kikikosekana, mtoto analala njaa darasani.

Hebu tazama Japani. Kule sheria ya chakula cha shuleni ipo tangu 1954. Wanafunzi wanakula wali au mkate, supu, samaki au nyama, mboga na maziwa. Lakini usidanganyike, siri yao si samaki. Katika shule za msingi watoto wenyewe huvaa aproni na kofia, huleta chakula darasani na kuwapakulia wenzao. Mwalimu anakula nao, chakula kile kile. Wakimaliza, wanapanga vyombo na kusafisha. Mlo huo unahesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Kwa miaka mingi mzazi alichangia bei ya vyakula, nayo serikali ya mtaa ikalipia wapishi na jiko. Familia isiyojiweza inasaidiwa.

Kwani sisi tunakosa nini? Mahindi na maharagwe si chakula cha kuonea aibu. Viazi, karoti na kabeji za Timau zinapita hapa mjini kila siku zikielekea sokoni. Wala si lazima mfano utoke Asia. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulianza 2023: mzazi analipa Sh5 kwa mlo, kaunti na shirika la Food4Education wanabeba gharama iliyobaki. Mtoto anagusisha tu bangili yake ya kielektroniki, anapewa sahani. Hakuna kuhesabu sarafu mbele ya wenzake.

Sasa wewe uliyemaliza shule, uko kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi wa zamani. Mnachangishwa lango jipya, mnachangishwa basi. Ni sawa. Ila safari hii, kabla hujatuma pesa, uliza maswali matatu. Ni wanafunzi wangapi hawali mchana? Walimu wanakula kutoka sufuria hiyo hiyo? Nani anaamua kinachoingia ndani yake?

Jibu la swali la kwanza likikosekana, anzeni na hilo. Basi huandikwa jina ubavuni, kila mtu akaliona barabarani. Gunia la maharagwe haliandikwi kitu, lakini ndilo litakalomtoa yule mwenzako darasani saa saba, aje kwenye foleni kama wengine.