Shahada ya uhandisi wa umeme kwa simu? Tusidanganyane, lakini tusikate tamaa

Jirani yetu hapa Makwasinyi aliuza mbuzi wanne ili kijana wake asome uhandisi wa umeme mtandaoni. Kijana alikuwa na C+ kwenye KCSE, alama inayofungua mlango wa chuo kikuu, ila hakuitwa kwa uhandisi. Akaona tangazo kwenye simu: shahada, miezi 18, bila kutoka nyumbani, karo nafuu. Mama akalipa. Miezi kadhaa baadaye kijana akateremka mjini kuomba nafasi ya mafunzo ya kazini. Akaulizwa swali moja tu: "Chuo chako kinatambuliwa na Bodi ya Wahandisi?" Akarudi nyumbani kimya. Mbuzi hawakurudi.

Simcheki. Nani kati yetu hajawahi kuvutiwa na tangazo kama hilo? Ukiishi huku chini ya mlima Kasigau, kwenda chuo ni safari ya vumbi hadi Maungu, kisha barabara kuu, kisha maisha ya mjini. Mara nyingi si karo inayomshinda mzazi. Ni kodi ya chumba, chakula, na nauli ya kila muhula. Kwa hivyo mtu akikuambia utapata digrii ukiwa kwenu, na bando la jioni litakutosha, moyo unaruka.

Lakini kijana mwenzangu, tuambiane ukweli. Uhandisi si kama kozi nyingine. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 ndiyo iliyounda Bodi ya Wahandisi Kenya, EBK. Ukimaliza digrii inayotambuliwa, unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha unafanya kazi angalau miaka mitatu chini ya waliokutangulia kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Bodi isipotambua digrii yako, hata hatua ya kwanza hupigi. Cheti kinabaki pambo la ukutani.

Je, digrii ya namna hiyo inapatikana mtandaoni? Ipo, lakini tazama bei na masharti. Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, kilianza mwaka 2013 kutoa shahada ya uhandisi wa umeme kwa mtandao, yenye ithibati kamili ya huko. Kozi ina vipimo 120, na kila kimoja ni zaidi ya dola 500. Piga hesabu: zaidi ya dola 60,000, yaani shilingi milioni saba na ushee. Chuo Kikuu cha North Dakota nacho kinafundisha watu wa mbali, ila majira ya joto kinawaita chuoni wafanye maabara. Kule India, IIT Madras, ile ile iliyofungua tawi Zanzibar mwaka 2023, ilianzisha mwaka huo huo shahada ya mifumo ya elektroniki kwa mtandao. Masomo unafuata nyumbani, lakini mtihani unafanywa ana kwa ana, na maabara lazima uende mwenyewe.

Umeona? Vyuo vinavyojiheshimu, hata vyenye teknolojia yote, havikubali mtu awe mhandisi wa umeme bila kugusa mitambo. Na vina haki. Transfoma haikuulizi ulipata alama ngapi. Ukikosea waya, unakufa wewe au anakufa mteja wako. Basi anayekuuzia shahada nzima ya umeme kwa simu, bila maabara hata siku moja, mkimbie.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati Agosti 2023, na kinafundisha kwa mtandao. Hatua nzuri sana. Lakini kozi zake za kwanza zilikuwa za kama sayansi ya data na usalama wa mitandao. Uhandisi wa umeme haukuwemo.

Sasa tufunge simu twende kuchunga? La hasha. Kosa letu ni kudhani mtandao unauza cheti, kumbe unachotoa karibu bure ni maarifa. Mwaka 2012, chuo cha MIT cha Marekani kiliweka somo la saketi na elektroniki mtandaoni, bure kwa yeyote duniani. Walijiandikisha watu wapatao 155,000. Waliofaulu ni kama 7,000 tu. Mmoja wao alikuwa Battushig Myanganbayar, kijana wa miaka 15 kutoka Ulan Bator, Mongolia, aliyepata alama zote bila kukosa hata moja. Baadaye MIT wenyewe wakampa nafasi ya kusoma kwao.

Wengi wakisimulia kisa hiki husahau kitu kimoja. Kijana yule hakukaa peke yake na skrini. Alisoma na wenzake shuleni, mwalimu mkuu akiwasukuma, na walipelekewa vifaa vya maabara wakavishika kwa mikono yao. Ndiyo siri. Nadharia ilitoka mbali, lakini mikono ilifundishwa pale pale walipo.

Hata sisi tunaweza. Voi kuna Coast Institute of Technology, ambako unasomea umeme kwa ngazi ya cheti au stashahada, na mkopo wa HELB unaweza kuuomba. Ukimaliza, unaomba leseni ya fundi wa stima kutoka EPRA, unaanza kula jasho lako. Kuna pia bodi ya kusajili mafundi na wanateknolojia wa uhandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Jioni, baada ya kazi, ndipo unapofungua masomo ya bure ya hesabu na saketi, ukijiandaa kupanda hadi digrii. Njia hii ni ndefu, sikatai. Lakini kila kituo kina mkate wake, na hakuna anayeuza mbuzi kwa ahadi hewa.

Bado nina neno kwa wakubwa. Vyuo vikuu vya umma na EBK vikae meza moja vitupatie shahada ya mseto: mihadhara kwa mtandao, kisha wiki tatu za maabara kila muhula mahali palipo karibu. Voi ina taasisi ya kiufundi, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko jirani. Mwanafunzi akilipa chumba kwa wiki tatu badala ya miezi minne, familia nyingi zitapumua. Njia kuu ya umeme kati ya Mombasa na Nairobi inapita katika kaunti hii. Haifai waya zipite juu ya vichwa vyetu huku wanaozielewa wakitoka kwingine kila siku.

Na kamati zetu za basari pia. Ukanda wa Kasigau uliingia kwenye historia mwaka 2011, mradi wake ukiwa wa kwanza wa aina ya REDD+ duniani kupata vyeti vya kaboni vilivyothibitishwa. Pesa za miti zimesomesha watoto wengi hapa. Naomba zifikirie pia chumba kimoja chenye intaneti, kompyuta chache na multimita kadhaa, ambapo vijana kumi watasoma pamoja.

Kwako wewe unayesoma hii na tangazo limefunguka pembeni: kabla ya kutuma hata shilingi moja, uliza mambo matatu. Bodi inakitambua chuo hiki? Maabara nitafanyia wapi? Nikiishiwa pesa katikati, nitatoka na cheti gani? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, zima simu.

Yule kijana wa jirani sasa anamsaidia fundi wa sola Maungu, na anahesabu siku za usajili mpya wa chuo Voi. Jana alikuja kuniazima kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu. Nilimpa, nikamwambia asirudishe.